Hodi ya Miaka Ishirini na Sita

Njia yenyewe haikuwa ya kujivunia. Kutoka kizingiti cha karakana hadi ukingo wa barabara zilikuwa hatua arobaini na moja za mtu mzima, na upana wake ulikuwa kochi moja la watu watatu likibebwa na wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na nafasi ya kiwiko kila upande. Hivyo ndivyo Fundi alivyoipima siku zote. Mteja akitaka kochi pana kuliko hapo, alimwambia, "Nitakutengenezea, lakini itabidi uhamie hapa kulikalia, maana halitoki."

Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa makochi tangu ujana wake. Mtu mfupi, mabega mapana, vidole vimekauka kwa gundi. Misumari midogo aliiweka mdomoni, akaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi mpaka kwenye meno, akaichukua, akaipiga. Kwa hiyo akiwa kazini alizungumza kwa pembe moja ya mdomo, na wateja wapya walidhani amewanunia. Jioni mkewe alimfungulia kinywa kama mtoto, akahakikisha hakuna msumari uliosahauliwa. "Siku moja utaswali na msumari shavuni," alimwambia. "Si neno," alisema Fundi. "Mungu ananijua kwa kazi yangu."

Nyumba yao ilikuwa ya nyuma. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa shule, wenye vipande vya chupa juu. Kulia kulikuwa na ghala lisilo na dirisha. Kushoto ulipita mfereji wa maji machafu, mpana kiasi kwamba hata mbwa aliupima kwa macho akageuka. Fundi aliwahi kuujengea kidaraja cha mbao, na mvua ya kwanza ikaondoka nacho. Mbele ndipo palipokuwa na kiwanja cha Shangazi, na mbele ya Shangazi barabara, na ng'ambo ya barabara msikiti.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtaa mzima ukamwita hivyo, naye akazoea. Mumewe ndiye aliyemkatia Fundi kile kipande cha nyuma na kumwuzia. Waliandikiana karatasi, mashahidi wakatia dole gumba. Karatasi ilitaja ukuta, ghala, mfereji, na mti ambao siku hizi haupo. Njia haikutajwa. Miaka mingi baadaye binti yake alipouliza kwa nini, Fundi alishangaa kweli kweli.

"Nani anaandika njia? Mtu akiniuzia nyumba ya nyuma, alidhani nitaingia kwa kuruka?"

Mwaka wa kwanza haujaisha, mume wa Shangazi akafariki, Shangazi akabaki peke yake. Na ile njia ilipita chini ya dirisha la chumba chake, ikakata kati ya mlango wa jiko na bafu la nje. Fundi alikuwa mtu wa haya. Hakuweza kumpitia mwanamke wa watu dirishani kama paka. Basi akawa anabisha hodi. Alfajiri akienda msikitini alibisha. Akirudi alibisha. Akitoka na kochi alisimama, akalitua, akaitema misumari yote kiganjani, ndipo akabisha, kwa sababu hodi ya mdomo uliojaa misumari aliiona si adabu.

"Hodi, Shangazi!"

"Nani?"

"Mimi, na kochi."

"Kochi lipite. Wewe ngoja, nakufikiria."

"Fikiria haraka basi, lina mwenyewe."

"Haya pita, baba. Na langu lini?"

"Kesho, Mungu akipenda."

Hiyo kesho ilikaa miaka. Shangazi alikuwa na viti viwili vya mbao na kigoda cha cherehani, na Fundi alikuwa amemwahidi kochi la watatu tangu binti yake hajaanza kusoma. Kila wakati kulikuwa na mteja wa harusi au mteja wa ofisi. Mafundi ndivyo walivyo. Shangazi hakukasirika. Alilifanya kuwa wimbo wake. Kuna asubuhi alikuwa bafuni, Fundi akabisha, akasikia, "Bado! Nina sabuni!" na Fundi akageukia ukuta na kochi lake, yeye na msaidizi wake, wakasimama kama watoto walioadhibiwa mpaka walipoambiwa pita.

Miaka ishirini na sita hakuna siku aliyopita pale bila kubisha, na hakuna siku aliyokataliwa.

Shangazi alipofariki, Fundi ndiye aliyeshika mguu wa mbele wa jeneza. Mwana wa pekee wa Shangazi alikuja kutoka mbali, akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, hakuna anayemsingizia. Lakini kabla ya miezi mitatu kiwanja kilikuwa kimeuzwa kwa kampuni ya kujenga maghorofa. Mabati ya buluu yakasimama barabarani, na juu yake likawekwa bango lenye picha ya jengo la ghorofa tisa, vioo vitupu, na watu weupe wa meno wakicheka pembeni ya magari. Binti alilitazama bango lile siku nzima moyoni mwake. Mahali ilipokuwa nyumba yao, mchoraji alikuwa ameweka majani ya kijani na benchi.

Binti huyu alikuwa mkubwa wa watoto wa Fundi, na ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Aliuza kwenye duka la dawa, ng'ambo ya pili ya mtaa. Alikuwa amemaliza sekondari, na katika nyumba ile kila karatasi yenye mhuri ilipelekwa kwake kama mgonjwa anavyopelekwa kwa daktari.

Siku za mwanzo hapakuwa na ugomvi. Nyumba ya Shangazi ilibomolewa kwa asubuhi moja, lakini mabati yaliachiwa upenyo. Fundi alifika kwenye upenyo, akasimama, akabisha hodi.

Msimamizi wa ujenzi, kijana mwenye kofia ya plastiki, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mzee, unabishia mabati?"

"Ndani kuna watu."

"Pita tu, mzee wangu. Hapa ni kwako."

Fundi alirudi nyumbani amefurahi. "Ni watu wa heshima," alimwambia mkewe. "Amesema hapa ni kwangu."

Mwezi haukuisha, msimamizi mwingine akaja, na yeye hakucheka. Alionyesha mchoro. Pale palipokuwa na njia palikuwa na tangi la maji na maegesho ya magari. Ukuta wa nyuma ungejengwa moja kwa moja, kutoka ghala mpaka mfereji.

"Na sisi?" aliuliza Fundi.

"Ninyi andikeni ofisini."

Basi binti akaandika. Aliketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, baba yake amesimama nyuma yake, mama yake ameshika taa ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, ingawa ilikuwa saa kumi na moja jioni tu na mwanga wa dirishani ulitosha. Alitaka barua iwe barua. Shuleni mwalimu wa lugha alikuwa amewafundisha kwamba barua ya ofisini ina kichwa, kichwa kinatanguliwa na neno "Yah", na mwombaji hadai, anaomba. Kwa herufi kubwa, akapigia mstari kwa rula, akaandika: YAH: KUOMBA RUHUSA YA KUENDELEA KUTUMIA NJIA. Kisha akaeleza vizuri, kwamba baba yake ni jirani mwema, kwamba marehemu Shangazi alikuwa akimruhusu siku zote, na kwamba familia inaomba uongozi nao umruhusu kwa moyo huo huo. Akamaliza kwa kutanguliza shukrani.

Fundi aliisikiliza yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hata mimi ningekuwa kampuni, ningelia," alisema. Akatia sahihi yake, ile ya mkia mrefu.

Barua haikujibiwa. Ukuta ukaanza kupanda.

Wakaenda kwa wakili wa msaada wa kisheria, dada mmoja mchangamfu mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la rangi, mafaili mpaka dirishani. Aliwasikiliza, akauliza miaka, akaandika, uso ukamng'aa.

"Miaka ishirini na sita! Fundi, hiyo ni nyingi kuliko inavyotakiwa. Sheria inasema hivi. Ukipita kwenye ardhi ya mwenzio miaka mingi, wazi, mchana kweupe, bila kificho, bila kumwomba mtu, kama mwenye haki, basi unakuwa na haki kweli. Hata akija mnunuzi, anakuta njia ina mwenyewe."

"Alhamdulillahi," alisema Fundi.

Kuna maneno matatu katika yale ya wakili yaliyomwingia binti kama mwiba chini ya ukucha, akajikuta anauliza kwa sauti ndogo, "Bila kumwomba mtu?"

"Ndiyo. Kwa sababu anayeomba ni mgeni. Hata aombe miaka mia, akipewa ruhusa kila siku, kila siku anabaki mgeni. Siku mwenyewe akichoka kuruhusu, basi."

Chini mtu alikuwa anatikisa kopo la rangi. Wakili aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kalamu ikasimama.

"Mlikuwa mnaomba?"

"Dada yangu," alisema Fundi, "yule alikuwa mwanamke peke yake. Bafu lilikuwa hapa, mimi napita hapa. Nisibishe hodi?"

Wakili alikaa kitako vizuri. Alisema hodi peke yake si kitu, ni salamu, angeweza kuitetea. Lakini Fundi asiitaje. Akiulizwa kama alipita, aseme alipita. Aseme miaka. Asiongeze neno. Ile barua binti alimwambia pia, na wakili alipoisoma nakala yake alifumba macho kidogo kama mtu aliyekanyaga kitu.

Njiani kurudi binti alisema, "Baba, si lazima uitaje hodi."

"Sitaitaja nisipoulizwa."

"Na ukiulizwa?"

"Wataniapisha kwa kitu gani, mwanangu?"

Walijua wote wawili.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Fundi alivaa kanzu yake ya Idi na viatu vilivyombana. Aliapa kwa msahafu, akauweka mkono kama anavyouweka kwenye kitambaa ghali. Wakili wa msaada alimwuliza yake, akajibu sawasawa: miaka ishirini na sita, asubuhi na jioni, mchana na makochi. Hakuongeza neno. Binti, kwenye benchi la nyuma, alianza kupumua.

Kisha akasimama wakili wa kampuni. Alikuwa mtu mzima wa sauti ya upole, na ndiyo maana binti alimwogopa.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Pole kwa usumbufu. Sina maswali mengi. Huyu marehemu mlikuwa mnaelewana?"

"Sana. Tulikuwa ndugu."

"Na ulipokuwa unapita kwake, ulikuwa unapita tu, kama upitavyo barabarani?"

Fundi alimtazama. "Barabarani mtu habishi hodi."

Wakili wa msaada aliinua kichwa, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Kumbe ulikuwa unabisha hodi. Mara chache?"

"Kila mara."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema pita."

"Kuna siku aliwahi kukwambia usipite?"

"Hapana. Siku moja alisema bado."

"Ukafanyaje?"

"Nikangoja. Alikuwa anaoga."

Watu wakacheka, hata karani. Fundi mwenyewe akatabasamu kwa kumkumbuka Shangazi. Wakili wa kampuni akangoja kicheko kiishe, akauliza taratibu kabisa, "Na asingesema pita, mzee wangu?"

Hapo ndipo binti alipoona baba yake ameelewa. Alimwona anatazama mkono wake wa kulia, ule uliogusa msahafu, kana kwamba una gundi. Kulikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema, ningepita tu. Angeweza kusema, sikumbuki, umri huu. Hakimu mwenyewe alikuwa ameinua kalamu, anamsubiri, na uso wake haukuwa mbaya.

"Nisingepita," alisema Fundi.

"Ahsante sana, mzee wangu."

Kisha ikasomwa barua. Wakili wa kampuni aliisoma yote, polepole, kuanzia Yah mpaka shukrani. Hakuna alichobeza. Alisema hata kwamba imeandikwa vizuri. Binti alitazama mistari ya sakafu, na kila neno alilokuwa amelichagua kwa uangalifu lilimrudia kama kofi.

Hukumu ilikuja baada ya miaka miwili, upenyo umeachwa wazi mpaka kesi iishe, jengo limeshasimama na wakazi wa kwanza wamehamia, na ilikuwa fupi. Mdai alipita kwa ruhusa, akakiri kwa kinywa chake na kwa barua yake. Ruhusa ya marehemu ilikwisha na marehemu. Na haiwezi kusemwa kwamba amefungiwa, kwa kuwa kampuni, kwa hisani yake, imekubali kumwekea mlango katika ukuta wa nyuma, na kumpitisha kwenye maegesho, kwa masharti ya usalama wa wakazi. Hakimu alimsifu Fundi kwa ukweli wake. Lilikuwa jambo la mwisho kusemwa kabla hawajainuka.

Usiku ule hakuna aliyekula. Asubuhi binti alimkuta baba yake karakanani, anapanga mikanda ya raba bila sababu.

"Baba, ni mimi niliyekupoteza. Ile barua."

Fundi aliitema misumari kiganjani. "Wewe uliandika kama ulivyofundishwa. Mimi nilibisha kama nilivyofundishwa. Sasa tumlaumu nani, mwalimu wako au mama yangu?"

"Ungesema tu ungepita."

"Ningesema, ningepata njia ya kwenda msikitini. Halafu nikifika ningesema nini?"

Mlango ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi ya kijivu, upana wa mtu mmoja. Fundi aliupima kwa macho tu. Hakuna kochi la kupita hapo, hata la mtu mmoja. Ng'ambo yake aliketi mlinzi kwenye kiti cha plastiki, na mezani kwake palikuwa na daftari kubwa lenye safu zilizochorwa: tarehe, jina, anakotoka, anakokwenda, saa, aliyeruhusu, sahihi.

Siku ya kwanza binti alikwenda naye, wakati wa adhuhuri. Fundi alisimama mlangoni, akabisha hodi.

"Karibu mzee," alisema mlinzi, mtu wa makamo, mwenye sura ya kuchoka. "Samahani, ni kanuni. Wote wanaandika."

Fundi akashika kalamu. Anakotoka, akaandika: kwangu. Anakokwenda: msikitini. Kwenye safu ya aliyeruhusu alikaa muda mrefu, muadhini akamaliza kuadhini. Kisha akaandika kwa herufi zake kubwa za kupima mbao: Shangazi.

Mlinzi aliinama akasoma. "Huyu ni nani? Anakaa ghorofa ya ngapi?"

"Hakai ghorofani. Ndiye aliyeniruhusu."

"Mzee, hapo unaandika Uongozi."

"Uongozi sijaubishia hodi, nao haujaniambia pita."

Mlinzi akampitisha. Jioni msimamizi wa jengo alilikagua daftari, akamfokea mlinzi mbele ya wakazi, akamwambia mtu mwingine akiandika upuuzi, ni mshahara wake utakaokatwa. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyemweleza Fundi kesho yake, kwa unyonge, kupitia upenyo wa mlango. "Baba, nina watoto wanne. Andika tu Uongozi."

"Hutafokewa tena kwa ajili yangu," alisema Fundi. Na hakupita pale tena.

Watu walidhani ni hasira, na hasira huisha. Mkewe ndiye aliyejua kwamba si hasira. Alfajiri Fundi alitawadha, akatandika mkeka karakanani, akaswali peke yake huku sauti ya imamu inamfikia juu ya ukuta. Wateja walikuja mara moja, wakaona mlango, wakaondoka. Akaanza kutengeneza vigoda, vitu vya kubebwa kwapani, na binti akavipeleka yeye. Kisha akaviacha vigoda, akakata mbao ndefu, akaunga fremu ya kochi la watu watatu.

"La nani hilo?" aliuliza mkewe.

"La Shangazi. Amengoja vya kutosha."

"Litatokea wapi?"

"Halitoki," alisema, na misumari mdomoni.

Lilikuwa kochi zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, la kitambaa cha kijani kilichoiva, vifungo virefu mgongoni. Lilichukua miezi minne, maana kifua kilikuwa kimeanza. Vumbi la sponji la miaka yote lilikuwa limemwekea akiba. Binti alileta dawa za dukani, zikatuliza kidogo, zikaacha kutuliza. Mwenye duka akasema hospitali, haraka.

"Nitakuandikia mimi kwenye daftari," binti alimwambia. "Hutashika hata kalamu."

"Utaandika nani ameniruhusu?"

"Baba, nitaandika chochote! Unataka kufa kwa sababu ya safu moja?"

Mlinzi alisikia kelele, akaja mpaka kizingitini, kofia mkononi. Akasema atafungua tu, bila daftari, saa ambayo msimamizi hayupo. Fundi alimshukuru, akamkamata mkono. "Kuna kamera juu ya mlango wako. Na una watoto wanne." Halafu akamgeukia mkewe, na sauti ilikuwa imekwisha. "Usiniite mkaidi, mama. Miaka yote niliomba kwa mapenzi. Siwezi kuomba kwa amri. Nimejaribu, haiji."

Waliitana ndugu, wakapanga wambebe kwa nguvu siku ya Jumatatu. Alifariki Ijumaa, kabla ya jua kupanda, amekaa kwenye kochi la Shangazi kwa sababu kulala chali kulimziba pumzi. Tunamwombea Mungu amkunjulie kaburi lake. Huko hakuna ukuta.

Wanaume walikuja mmoja mmoja kupitia mlango wa kijivu, kila mmoja akaandika jina lake. Jeneza lililetwa likiwa limesimamishwa wima, tupu. Lakini kutoka likiwa na mtu ni jambo jingine. Jeneza hubebwa na wawili wawili, bega kwa bega, na mlango ulikuwa wa mtu mmoja. Lipo geti pana katika ukuta huo huo, la kuingizia vifaa vya tangi, limefungwa kwa mnyororo, na ufunguo uko kwa uongozi. Mlinzi alipiga simu mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ilikuwa Ijumaa, hakuna aliyepokea. Alipotuma ujumbe, ukajibiwa kwamba familia iandike barua ya kuomba.

Jua lilikuwa kali. Imamu, mzee wa busara, alisema kwa upole, "Ni neno moja tu. Tuombe, tumsitiri ndugu yetu."

Binti alikuwa tayari ameshika karatasi. Alikuwa ameandika Yah. Ndipo mama yake alipotoka ndani, mtu ambaye katika kesi yote hakuwa amesema neno, akaichukua ile karatasi, akaikunja.

"Asiombwe mtu."

Walikwenda kwenye mfereji. Zilitolewa mbao zote za karakanani, zile ndefu za fremu, zikalazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa kuwa zilinepa, wanaume kumi na wawili walivua viatu, wakaingia kwenye maji machafu mpaka magotini, wakaziinua kwa mabega. Fundi alipitishwa juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, mpaka ng'ambo, nyuma ya gereji za magari, wakazunguka mtaa mzima kufika msikiti uliokuwa hatua arobaini na moja kutoka kwake na kuvuka barabara. Mlinzi alisimama kwenye mlango wake wazi, akatazama. Baadaye watu walisema alilia. Binti hakumwona, alikuwa anatazama mbao.

Mvua ilinyesha usiku wa pili, ikaziondoa zote.

Siku ya nne ruhusa ya msiba kazini ilikwisha. Binti alijifunga vizuri, akapita karakanani. Kochi la kijani lilikuwa bado na alama ya mtu. Mama yake alikuwa amelifunika kwa shuka nusu, nusu akaiacha. Alifika kwenye mlango wa kijivu. Mlinzi alisimama, akampa pole, akamsogezea daftari bila kumtazama machoni.

Aliandika tarehe. Akaandika jina. Anakotoka, nyumbani. Anakokwenda, kazini. Saa, moja na dakika ishirini, alikuwa amechelewa. Kwenye safu iliyofuata kalamu ikasimama. Nyuma ya mlinzi, kwenye geti la barabarani, mkazi mmoja alipiga honi ili lifunguliwe, na likafunguliwa.

"Andika Uongozi, dada yangu," mlinzi alisema polepole. "Wote wanaandika Uongozi."

Akaandika Uongozi, akatia sahihi, akapita.